Ile Asilimia 3 Haijaliwa: Hotuba kwa Wanakandarasi
Kila mkutano naulizwa: mbona kaunti imenikata? Tuseme umejenga darasa la chekechea kwa shilingi 500,000, bila kuhesabu VAT. Kaunti hukata asilimia 3, yaani 15,000, na kuziwasilisha KRA kwa PIN yako. Hiyo ndiyo krediti ya kodi: kodi uliyokwisha kulipa. Ukijaza ritani kufikia Juni 30 na hesabu ionyeshe kodi ya mwaka ni 40,000, utaongeza 25,000 tu. Lakini cheti kisipoonekana kwenye iTax, utadaiwa zote. Nimemwona kijana mmoja akilipa mara mbili, na inauma. Ukikosa cheti, fika afisi ya fedha na vocha yako ya malipo, tena mapema, si Juni 29.