Wachezaji Wachaguliwe Mbele ya Watu

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, kabla ya msimu wa michezo ya kuigiza)

Tumeombwa tuseme machache juu ya msimu wa michezo ya kuigiza tunaotaka kuufanya baada ya mavuno. Lakini tunajua wengi wenu mmekuja na swali moja tu: ni nani watakaopewa nafasi? Basi tuanzie hapo hapo.

Wako wanaosema kamati ikae jioni moja, iandike majina, mambo yaishe. Ni njia ya haraka, hilo tunakubali. Lakini tukichagua hivyo tutapata wale wale wa kila siku: mwalimu kwa sababu anasoma vizuri, mwenyekiti kwa sababu ni mwenyekiti, na binti wa mwenye duka kwa sababu baba yake ndiye atakayetupa turubai. Yule mama wa mboga pale sokoni, anayeiga sauti za wateja wake mpaka watu wakashika mbavu, hakuna atakayemkumbuka. Ati hajui kusoma.

Sasa, kuna kijiji hapa hapa Kenya kilichofanya kwa njia nyingine, na wenye umri wanakikumbuka. Ni Kamiriithu, huko Limuru. Wao walianza na masomo ya ngumbaru, mwaka 1976. Watu wazima walipojua kusoma na kuandika wakataka mchezo wao wenyewe, kwa lugha yao. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, na mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakapewa kazi ya kuuandika kwa Kikuyu. Huo ndio mchezo ambao kwa Kiswahili unaitwa Nitaolewa Nikipenda. Ni habari ya kibarua mwenye ekari moja na nusu tu, ambaye cheti chake cha shamba kinaishia benki kwa sababu ya mkopo wa harusi. Jamani, ni nani hapa hajaona jambo kama hilo?

Walipouleta mbele ya wanakijiji, watu hawakukaa kimya kama wageni. Wazee walisema, hapana, mzee haongei hivyo mbele ya watoto. Wafanyakazi wa viwandani na vibarua wa mashamba makubwa wakarekebisha habari za kazi na mishahara, kwa maana ni wao waliozijua. Halafu wachezaji wakachaguliwa mahali pa wazi, na mazoezi yakafanywa pale pale. Mtu akipita na jembe lake alisimama, akatazama, akasema anavyoona. Ilichukua muda na kelele nyingi, lakini siku ya kufungua mchezo ilipofika, tarehe 2 Oktoba 1977, wengi wa waliokuja kutazama walikuwa wanazijua nyimbo tayari.

Hata jukwaa walijenga wenyewe. Tarishi mmoja wa ofisi aliunda mfano wake kwa njiti za kiberiti, kisha watu wakajitolea mpaka ukapatikana uwanja wa kukalisha watu kama 2,000. Mtu asituambie basi kwamba hatuwezi kusogeza mabenchi ya shule!

Yaliyofuata mnayajua. Tarehe 16 Novemba 1977 kibali kiliondolewa, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 walitayarisha mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, wakafungiwa milango ya jumba la taifa la michezo ya kuigiza, Nairobi. Wakahamia Chuo Kikuu wakaendelea na mazoezi, na watu wakajaa kutazama mazoezi hayo mpaka nayo yakakatazwa. Mwezi wa Machi mwaka huo uwanja wa Kamiriithu ukabomolewa na polisi. Hatusemi haya ili kumtia mtu hofu. Tunataka muone kwamba mchezo uliotengenezwa na watu wote una uzito ambao ule wa kamati hauna, na wakubwa wa wakati ule waliuona uzito huo mapema.

Sasa turudi kwetu. Michezo ni mitatu. Wa kwanza ni wa kijana anayekopa kwa simu ili acheze kamari, na huo utakuwa wa kuchekesha, vijana wenyewe wameanza kuutunga. Wa tatu ni wa mjane na shemeji zake. Wa katikati ndio umeleta maneno, kwa sababu unahusu mradi wa maji na mwekahazina wake.

Tuseme wazi. Katika eneo letu wako watu waliotoa hisa za mradi wa maji na hadi leo wanateka mtoni. Wako jirani ambao hawasalimiani kwa sababu hiyo. Tumeombwa kwa upole tuuache mchezo huo, na tumeombwa pia, si kwa upole sana, tuuonyeshe kwanza kwa watu wachache faraghani. Tumekataa yote mawili. Jina la mtu halitatajwa, wala kijiji. Lakini mazoezi yatakuwa wazi, na anayeona tumepotosha aje aseme hapo hapo mbele ya wenzake. Nafasi ya mwekahazina iko wazi kwa kila mtu. Tungefurahi sana kama waweka hazina wa vikundi vyetu wangekuja kuijaribu, maana wanajua ni usiku mangapi mtu hulala na pesa za watu chini ya godoro.

Kuhusu namna ya kujaribiwa: hatutampa mtu karatasi asome. Kila mmoja ataelezwa jambo, kwa mfano amefika nyumbani akakuta ng'ombe wake ameuzwa, halafu aonyeshe atakavyofanya. Mwenzetu mmoja atasimama kule kwenye mwembe, na asiposikia atainua mkono. Kila nafasi itakuwa na watu wawili, kwa sababu mtoto huugua na ng'ombe huzaa bila kuuliza ratiba. Tena jambo la heshima: mkwe na mkwe wasipewe kucheza mume na mke. Vijana wa mjini hucheka wakisikia hivyo, lakini mchezo mzuri umeshavunjika kwa jambo dogo kuliko hilo.

Akina mama wametuambia saa kumi jioni haiwezekani, ni saa ya kukamua na kuwasha moto. Basi tutaanza saa nane na kumaliza saa kumi kasorobo, na waume walio hapa wamesikia. Watoto waletwe, kutakuwa na mtu wa kuwaangalia.

Majaribio ni Jumamosi mbili zijazo, uwanjani karibu na kisima, mvua ikinyesha tuingie darasani. Kila kikundi kilete watu wasiopungua wanne, na angalau wawili wasiwe wa kamati. Mje na vigoda vyenu.