Haki Uwanjani, Heshima kwa Kila Mja



Kuna swali linazunguka sana kwenye simu zenu: nani anastahili kushindana katika michezo ya wanawake? Swali lenyewe ni la haki. Mbio za wanawake zilitengwa kwa sababu mwili uliobalehe kiume huwa na nguvu na kasi zaidi. Msichana anayeamka alfajiri kukimbia vilima vya Imenti anastahili ushindani wa sawa. Ndiyo maana Machi 2023 Shirikisho la Riadha Duniani liliwafungia mashindano ya kimataifa ya wanawake wale waliobalehe kama wanaume kisha wakabadili jinsia. Mimi naona mpaka huo una hoja.

Lakini hebu tuangalie mzigo umewaangukia akina nani hapa kwetu.

Margaret Wambui, Mkenya mwenzetu, alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mita 800 mwaka 2014, na Rio 2016 akaleta shaba ya Olimpiki. Mbele yake walikuwa Caster Semenya wa Afrika Kusini na Francine Niyonsaba wa Burundi. Hakuna hata mmoja wao aliyebadili jinsia. Walizaliwa na kulelewa wasichana, ila miili yao hutoa homoni ya testosteroni kwa wingi. Mwaka 2019 wakawekewa sharti: mpunguze homoni hiyo, au muache mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja. Wambui hakutaka kutumia dawa, na mbio zake za 800 zikaishia hapo. Annet Negesa wa Uganda alifanyiwa upasuaji mwaka 2012, na hakurudi tena katika kiwango chake.

Hawa si wageni katika dini yetu. Mafakihi wameandika karne nyingi kuhusu khuntha: mirathi yake, swala yake. Hawakumcheka, walimtafutia haki yake. Hata nchi yetu iliwahesabu katika sensa ya 2019, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua.

Sasa mkumbuke Paris 2024. Dada yetu Imane Khelif wa Algeria, aliyezaliwa na kulelewa msichana, aliitwa mwanamume mitandaoni hadi siku aliyovaa dhahabu ya ndondi. Waislamu nao walisambaza! Surat al-Hujurat, aya ya 11 na 12, zinakataza kudharauliana, dhana mbaya na kupelelezana. Je, simu imetolewa katika aya hizo?

Kwa hivyo vijana, nawaomba mambo matatu. Kwanza, usimhukumu msichana kwa sauti au misuli yake. Pili, tangu Septemba 2025 wanariadha wa kike wanapimwa jeni kabla ya mashindano ya dunia. Tudai majibu yabaki siri ya mwanariadha na daktari wake, yasigeuke habari ya sokoni. Tatu, picha ya kumdhihaki mtu ikikufikia, iishie kwako. Hata yule ambaye sheria imemfungia mashindano, haijamvua utu wake.

Mpaka uwekwe kwa ushahidi na kwa adabu. Ukiwekwa kwa uvumi, kesho utamwangukia dada yako wa tumbo moja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.