Mwalimu wa Viumbe Wadogo



Wakitajwa wanyama wa Tanzania, wengi wetu huwaza simba wa Serengeti na tembo wa Ruaha. Leo napenda tumtazame mwalimu aliyewafundisha vijana wetu habari za vyura, nyoka na mijusi. Huyo ni Profesa Kim Howell, mzaliwa wa Marekani, aliyefundisha zoolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu miaka ya 1970.

Howell hakudharau vya karibu. Katika vilima vya Pugu, nje kidogo ya jiji, upo msitu wa asili ambao wengi waliujua kwa mkaa wake tu. Mwaka 1981 alichapisha makala ya kisayansi kuhusu thamani ya viumbe wa msitu huo. Mwaka 2002 na 2006 vikatoka vitabu alivyoandika pamoja na wenzake vya kuwatambulisha reptilia na amfibia wa Afrika Mashariki.

Yupo atakayeuliza: elimu ya vyura yalisaidia nini taifa lenye kiu ya maendeleo? Jibu lipo Kihansi. Mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa unajengwa huko, watafiti walimkuta chura mdogo wa manjano, azaaye watoto hai, asiyepatikana penginepo duniani. Howell alikuwa miongoni mwa wanasayansi wanne waliomwainisha na kumpa jina. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu ya maporomoko yalipungua mno. Mwaka 2003 vyura hao walikufa kwa wingi. Mwaka 2009 ikatangazwa kuwa wametoweka porini. Lakini vyura 499 walikwisha kupelekwa Marekani mwaka 2000. Wazao wao 100 walirejeshwa Chuo Kikuu mwaka 2010, na mwaka 2012 ikaanza kazi ya kuwarudisha bondeni.

Ndugu zangu, umeme ule tuliuhitaji, na bado twauhitaji. Lakini chura yule asingalijulikana mapema, angalipotea pasipo mtu kujua kwamba alikuwapo. Kwa hiyo mwalimu wa bayolojia wa Temeke au Kinondoni asiridhike na michoro ya ubaoni. Awapeleke wanafunzi Pugu wakatazame, wakahesabu, wakaandike. Naye ofisa wa mipango ayasome yaliyoandikwa kabla ya kutia saini, si baada ya maji kukauka.