Tabo ya Mtumba na Mkanda wa Injini: Hesabu Kwanza
Hotuba kwa mafundi wa jua kali na wanafunzi wa vyuo vya ufundi

 

Katika gereji nyingi hakukosi tabo kuukuu ya lori kwenye rundo la vyuma. Upande wa moshi umepasuka, lakini upande wa kusukuma hewa bado ni mzima. Fundi kijana huitazama na kujiuliza: kwa nini isifungwe puli, izungushwe na mkanda kama altaneta, isukume hewa kwenye injini ya petroli? Chombo cha namna hiyo huitwa supachaja, na swali lake ni la maana.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka wa 1908, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, gari la Chadwick lilishindana kupanda mlima likiwa na feni ya hewa iliyozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini. Miaka 10 baadaye, mhandisi Sanford Moss alipeleka injini ya ndege ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,300, akaifunga tabo. Injini iliyokuwa imelegea kwa hewa nyepesi ikarudiwa na nguvu yake.

Hilo linawahusu wakazi wa nyanda za juu za Kenya. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja kwa tano, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Ndiyo maana fundi wa milimani hushawishika.

Kazi huharibikia kwenye kasi. Chukua tabo yenye feni ya hewa ya milimita 60. Ikifanya kazi yake ya kawaida, huzunguka mara 120,000 kwa dakika au zaidi. Injini ya petroli ikikanyagwa sana huzunguka mara 6,000. Fundi akiweka puli ya milimita 150 kwenye kranki na ya milimita 50 kwenye tabo, atapata mizunguko 18,000 pekee.

Huenda mtu akasema hiyo si haba. Lakini msukumo wa hewa hufuata mraba wa kasi. Kasi ikipungua mara 2, msukumo hupungua mara 4. Hapa kasi imepungua karibu mara 7, kwa hiyo msukumo umepungua zaidi ya mara 40. Tabo iliyokuwa ikitoa psi 14 haitafikisha hata nusu psi. Mkanda unazunguka, feni inalia, na dereva haoni tofauti yoyote.

Je, puli kubwa zaidi itasaidia? Kufikia 120,000 kwa mkanda peke yake, puli ndogo ikiwa milimita 25, kubwa lazima iwe milimita 500. Haiingii chini ya boneti. Hata ingeingia, mkanda ungekimbia zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Hakuna mkanda wa feni uliotengenezwa kwa kazi hiyo.

Ndiyo sababu kampuni zinazouza supachaja za aina hii huweka gia kati ya puli na feni. Vortech ya Marekani hutumia gia za meno. Rotrex ya Denmark hutumia roli laini zisizo na meno, zinazoshikana kwa nguvu ya mgandamizo na oili maalumu, nazo huongeza kasi zaidi ya mara 7. Fundi anayetaka kujitengenezea yake aanze na feni kubwa ya lori. Ncha za feni ya milimita 100 kwa mizunguko 72,000 hukimbia sawa na zile za feni ya milimita 60 kwa mizunguko 120,000. Hata hivyo bado atahitaji gia.

Jambo la pili ni beringi. Shafti ya tabo huelea juu ya utando mwembamba wa oili yenye presha. Haikuundwa kuvutwa upande mmoja. Mkanda uliokazwa huivuta, oili hukatika, na chuma husaga chuma. Puli iwe na shafti yake na beringi zake za kasi kubwa. Tena shafti ya tabo isichomelewe kitu, kwa sababu imesawazishwa kiwandani kwa uzito mdogo sana. Feni isiyosawazishwa ikipasuka, vipande vyake hutoka kama risasi. Jaribio lifanyike nyuma ya kinga ya chuma kinene, bila mtu kusimama usawa wa feni.

La tatu ni mafuta na joto. Hewa ikisindikwa hupata moto, na hewa ikiongezeka bila petroli kuongezeka, injini hunoki. Pistoni ya aluminiamu inaweza kutoboka katika muda mfupi wa kupanda mlima. Kwa hiyo lazima mafuta yaongezwe, wakati wa cheche urudishwe nyuma, na ikiwezekana hewa ipozwe kabla ya kuingia.

Gari linalochezewa mara nyingi ni la mteja. Limenunuliwa kwa mkopo wa sacco, na ndilo linalolipa karo ya watoto. Injini ikifa, mkopo haufi nayo. Likiwa la abiria, linabeba roho za watu, na hukaguliwa kila mwaka. Mwenye gari aambiwe wazi kitakachobadilishwa, naye aiarifu kampuni yake ya bima kabla ya kazi kuanza, asingoje ajali.

Pa kujifunzia ni injini kuukuu iliyofungwa kwenye fremu, yenye geji ya psi, geji ya oili na kipimo cha mizunguko. Hapo kijana ataharibu chuma chakavu na kupata elimu. Aandike kipenyo cha kila puli, kasi na msukumo alioupata, kisha alinganishe na hesabu yake. Asiyeweza kuonyesha karatasi hiyo asiguse gari la mtu.

Fundi atakayeimaliza kazi hiyo atakuwa amejifunza gia, beringi, usawazishaji na mchanganyiko wa mafuta. Hata kama supachaja yake haitapanda barabarani, ujuzi huo utamlipa katika kila tabo ya lori atakayoletewa kutengeneza.