Vita vya Ng'ambo na Vita vya Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Tumepewa nafasi hii tuseme machache juu ya jinsi mataifa yanavyopigana vita vya dunia nzima. Wengi wetu, tukisikia neno vita, mara moja twafikiri bunduki, manowari na ndege. Hiyo ni nusu tu ya habari. Taifa liingiapo katika vita vikubwa huwa na majeshi mawili: moja la kupigana ng'ambo, na moja la kulima, kuchimba na kushona nyumbani. Likilegea hili la pili, lile la kwanza halidumu.

Na tuwatazame Waingereza katika Vita vya Pili. Waliingia vitani tarehe 3 Septemba, 1939. Ilipofika Januari 1940, sukari, siagi na nyama ya nguruwe vilikuwa vikigawanywa kwa kipimo, na kila mtu, tajiri kwa maskini, aliandikwa jina lake katika kitabu chake cha posho. Desemba 1941 ilipitishwa sheria ya kuwaita hata wanawake wasioolewa, wenye umri wa miaka 20 hadi 30, wakatumikie viwanda, mashamba au idara za jeshi. Tangu mwisho wa mwaka 1943, kijana mmoja katika kila kumi walioitwa alichaguliwa kwa kura, akapelekwa si vitani bali shimoni, kuchimba makaa ya mawe. Kipimo cha chakula hakikuondolewa kabisa mpaka Julai 1954, miaka tisa baada ya bunduki kunyamaza.

Na sisi je? Jeshi letu la ng'ambo lajulikana. Askari wa K.A.R. walisaidia kuwatoa Waitaliani Uhabeshi mwaka 1941. Wakavuka bahari kwenda Madagaska mwaka 1942. Na mwaka 1944 wakateremka bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua, matope na malaria, mpaka wakaufikia mto Chindwin. Wako pia wasiofika. Tarehe 12 Februari, 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilizamishwa na Wajapani. Watu wapatao 1,300 walikufa maji, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Lakini jeshi letu la nyumbani, nani hulitaja? Wajapani walipozitwaa Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, nyuzi za kamba zilizotoka huko zilikatika, na katani ya Kenya na Tanganyika ikawa mali ya vita. Pareto ya Kenya ilitengenezwa dawa ya kuulia wadudu waliowasumbua majeshi. Mwaka huo huo Serikali ya kikoloni iliruhusu kwa sheria vijana washurutishwe kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kisha mvua zikakosekana, na mwaka 1943 njaa ikaingia. Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Mianga, yaani njaa ya muhogo. Basi mfikirieni mama wa wakati ule: mume yuko Burma, mwana yuko katika katani, naye amebaki na jembe, watoto na ghala tupu. Huyo naye alikuwa vitani. Mwaka ule ule, huko Bengal, mchele wa Burma ukiwa mikononi mwa adui, watu wapatao milioni tatu walikufa kwa njaa na maradhi, wala hawakupigwa risasi.

Hapa ndipo penye neno letu la leo. Mwingereza aliyeona njaa aliiona akiwa ameandikwa jina. Watu wetu wengi walitumika bila kuandikwa, na wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Katika Vita vya Kwanza wapagazi wetu walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Kikosi chao kimetuachia jina la Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Lakini wao wenyewe, kina nani? Mwezi wa Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa.

Hatusemi haya ili kufufua chuki. Twasema kwa sababu wazee wa Vita vya Pili waliobaki ni wachache mno, na kila mzee azikwapo huzikwa na habari zake. Kwa hiyo twaomba kila mwanachama, arudipo kwao, aulize na kuandika: jina la mtu, kijiji chake, alikopelekwa, kazi aliyofanya, na kama alirudi. Asiandike askari peke yao. Amwandike mkata katani, mchuma pareto, na mama aliyebaki na jembe. Orodha hizo ziletwe kwa Katibu, zihifadhiwe pamoja na vitabu vya Chama.

Mnara wa jiwe hatuna uwezo wa kuujenga mwaka huu. Daftari na kalamu tunavyo.