Nani Alipe Gharama ya Kumfunza Rubani?

Mjadala kuhusu marubani wanaolipia mafunzo ili wapate kazi katika mashirika ya ndege umekuwa mkali zaidi Ulaya, Asia na Marekani, lakini unawagusa pia wakazi wa Tabora, kwa kuwa ndege za Air Tanzania aina ya Q400 zinazotua katika uwanja wa mji huo haziwezi kuruka bila vijana ambao mtu fulani, iwe ni mzazi, serikali, benki au shirika lenyewe, aliwagharimia kwa miaka kadhaa kabla hawajaruhusiwa kubeba abiria hata mmoja.

Leseni ya rubani wa biashara, yaani kibali kinachomruhusu mtu kulipwa ujira kwa kurusha ndege, kwa kawaida hudai saa 200 za kuruka, au saa 150 kwa anayesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa, na gharama yake hufikia makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Hata baada ya kuipata, kijana hawezi kuketi katika ndege kubwa ya abiria mpaka afunzwe aina mahususi ya ndege hiyo, mafunzo ambayo sehemu yake kubwa hufanyika ndani ya simuleta, chombo kilichojengwa kwa mfano wa chumba cha marubani ili kuigiza mwendo wa ndege angani ilhali kimekaa ardhini. Zamani ilikuwa desturi ya shirika lililomwajiri kulipia hatua hii ya pili. Baadaye mashirika kadhaa, hasa yale ya nauli nafuu, yalianza kumtaka rubani ailipie mwenyewe, na baadhi yakavuka hapo yakauza hata saa za kazi, hivi kwamba kijana analipa ili akae kiti cha rubani msaidizi kwa saa mia kadhaa katika safari za kawaida, kisha anaondoka bila ahadi ya ajira. Katika mpango huo shirika hupokea fedha kutoka pande zote mbili za mlango wa chumba cha marubani: abiria amelipa nauli ili asafirishwe, na anayemsafirisha amelipa ili afanye kazi.

Unyamwezi, yaani nchi ya Wanyamwezi inayouzunguka mji wa Tabora, inaweza kuuangalia utaratibu huo kwa jicho la historia yake. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, kilomita zipatazo 800, na kuendelea hadi Ujiji, na upagazi wa Wanyamwezi ulikuwa ufundi wenye daraja zake, kuanzia mtoto aliyefuatana na ndugu zake akibeba pembe ndogo, hadi mpagazi kamili aliyebeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yao wote kirangozi, kiongozi aliyetangulia mbele ya msafara. Mwenye msafara ndiye aliyetanguliza sehemu ya ujira kwa nguo, shanga au waya, na ndiye aliyetoa posho, yaani chakula cha kila siku au bidhaa za kukinunulia. Si kwamba maisha hayo yalikuwa mepesi, maana wapagazi wengi walikufa njiani kwa ndui, njaa na kuhara. Hata hivyo, mgeni katika kazi ile aliingia kwa nguvu za mabega yake na kwa kufunzwa na waliomtangulia, wala hakumlipa tajiri ili apewe mzigo wa kubeba, na wapagazi walipoona wamepunjwa waliweka mizigo chini wakagoma, au wakatoroka.

Afrika Mashariki ya baada ya uhuru nayo ilichagua njia iliyokaribiana na hiyo ya kutomtoza anayeingia kazini. Mwaka 1971 chuo cha usafiri wa anga kilianzishwa Soroti, Uganda, ili kuzihudumia kwa pamoja Kenya, Uganda na Tanzania, kwa msingi kwamba rubani ni hazina ya umma na hivyo umma ugharimie elimu yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki nalo likafa, Air Tanzania ikazaliwa mwaka huohuo, na chuo kikabaki mikononi mwa Uganda, jambo lililoiacha Tanzania ikitegemea vyuo vya nje, hususan Afrika Kusini na Ethiopia, kwa kazi ambayo ilikuwa imeanza kufanywa nyumbani.

Mashirika yana hoja nzito inayostahili kusikilizwa. Shirika linaweza kutumia fedha nyingi kumfunza rubani, naye akahamia kampuni tajiri ya Ghuba baada ya miezi michache, kama Kenya Airways ilivyowahi kupoteza marubani wake, na shirika dogo haliwezi kuvumilia hasara ya namna hiyo kila mwaka. Dawa ya tatizo hili imekuwapo kwa muda mrefu, nayo ni mkataba wa kutumikia, ambao shirika hulipia mafunzo na rubani huahidi kufanya kazi kwa miaka iliyotajwa, au kurudisha gharama akiondoka mapema. Mkataba wa haki hupunguza deni kila mwaka wa utumishi, ilhali mkataba mbovu huliacha deni lilelile hadi siku ya mwisho na kumfunga rubani hata pale anapodhulumiwa.

Kuhusu usalama inafaa kusema kwa uangalifu. Mwezi Februari 2009 ndege ya Q400, aina ileile inayotua Tabora, ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, na watu 50 wakafa. Wachunguzi walitaja kuwa chanzo ni namna rubani mkuu alivyoitikia vibaya onyo kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea, na hawakulaumu malipo. Lakini ilijulikana pia kwamba alikuwa amefeli majaribio kadhaa ya urubani, na kwamba aliwahi kupitia mpango wa kununua saa za kuruka. Sheria iliyofuata ilimtaka rubani msaidizi awe, kwa kawaida, na saa 1,500. Takwa hilo liliongeza gharama ya kuingia kazini, na upungufu wa marubani ulipozidi miaka ya karibuni, mashirika madogo ya Marekani yalilazimika kupandisha mishahara na kugharimia mafunzo yenyewe, ishara kwamba fedha zilikuwapo tangu awali.

Fedha zinapokuwa ndiyo sifa ya kwanza, mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge huondolewa kabla hajapimwa macho wala hesabu, na nafasi yake huchukuliwa na mwenye uwezo, awe hodari au asiwe. Kwa sababu hiyo jitihada za Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam za kutoa mafunzo ya urubani nchini zinapaswa kuendana na mikopo inayotosha kwa kozi hiyo na mikataba ya utumishi inayopunguza deni mwaka hadi mwaka. Wakati hayo yakisubiriwa, kijana anayeombwa fedha ili apewe kiti cha rubani msaidizi adai mkataba unaotaja kwa maandishi ajira itakayofuata baada ya saa hizo, na kama ajira hiyo haikutajwa, asitie saini.