Nani Anaruhusiwa Kufungua Rekodi Zako?

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi na wafanyabiashara wa Noonkopir, Kitengela

 

Ukilipia leseni ya biashara au kodi ya ploti, rekodi yako huhifadhiwa kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine nyingi kwa wakati mmoja. Swali la mwananchi ni hili: nani anaruhusiwa kufungua rekodi hiyo, na akishaifungua anaweza kufanya nini?

Jibu liko kwenye akaunti. Kila mfanyakazi anapaswa kuwa na akaunti yake, kwa jina lake, na nenosiri analolijua yeye peke yake. Akaunti hupewa ruhusa kulingana na kazi. Karani wa mapato aingize malipo, lakini asiweze kuyafuta. Mkaguzi asome kila kitu, lakini asibadilishe chochote. Msimamizi wa mfumo ndiye mwenye ruhusa kubwa zaidi, kwa hivyo watu wa cheo hicho wawe wachache. Mfanyakazi akihamishwa, akistaafu au akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Kwa nini masharti yote haya? Seva ikipangwa vizuri huweka kumbukumbu: akaunti gani iliingia, saa ngapi, na ilibadilisha nini. Lakini watu watatu wakitumia nenosiri moja, na ploti yako ibadilishwe jina usiku, kumbukumbu hiyo haitakuambia ni nani kati yao. Mwaka 2015, sakata ya NYS ilipoibuka, afisa mmoja mwandamizi alisema nenosiri lake la IFMIS, mfumo wa malipo wa serikali, lilitumiwa na watu wengine. Nenosiri ni kama sahihi yako kwenye hundi. Haliazimwi.

Sheria nayo ni kali. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, anayeingia kwenye mfumo bila idhini, au anayetoa nenosiri kwa makusudi bila idhini, anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inakupa haki ya kuziona taarifa zako na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data.

Sasa tujiangalie na sisi. Wangapi hapa wamemwachia kijana wa saiba nenosiri la eCitizen au iTax, eti atawasaidia tena mwaka ujao? Huyo ana ufunguo wa nyumba yako. Leo ukifika nyumbani, libadilishe. Ukihudumiwa saiba, andika nenosiri mwenyewe, kisha uhakikishe umetoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Na mwenye duka aliyeajiri wahudumu wawili, kila mmoja awe na akaunti yake kwenye mashine ya mauzo.

Ukilipa ofisini, omba risiti na uitunze. Siku rekodi itakapobishaniwa, karatasi hiyo ndiyo itakayokuwa shahidi wako.